Nilipokea wanafunzi wanne, wakabaki wawili, sasa shule inaniletea sita

Shikamoo Shangazi,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike tu manake hili jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa na mke wangu ameshachoka kunisikiliza.

Nina biashara ya uchapaji. Si kubwa, tuko watu saba na mimi nikiwemo, tunachapa mabango, kadi, stika, fomu za maofisini, vitu vya hivo. Mwaka jana mwalimu wa sekondari ya jirani alikuja akaniomba nipokee wanafunzi waje kujifunza kazi wakati wa likizo, wiki nne, watoto wa miaka kumi na sita kumi na saba hivi. Alivyoongea nikajisikia mtu wa maana, nikasema sawa waje, akaniletea wanne. Hatukuandikiana chochote, alisema tu watakuja Jumatatu, na kweli Jumatatu nafika kufungua nawakuta nje ya mlango na yunifomu zao, wamejipanga kama wanasubiri paredi.

Shangazi sikufichi, sikuwa na mpango wowote. Asubuhi ile tulikuwa na oda ya haraka na mashine moja ilikuwa inasumbua, nikawaambia kaeni pale kwenye benchi muangalie. Wakaangalia. Siku ya pili wakaangalia tena. Siku ya tatu wakaanza kuangalia simu. Fundi wangu mkuu, niko naye mwaka wa 12, akawa anawatuma tu, mara fagia hapa, mara beba hizi boksi, mara nenda kaniletee hiki na hiki, afu jioni ananiambia bosi hawa watoto wanatuchelewesha. Na mi namjua, nahisi kuna kitu kingine, anaogopa nikiwafundisha sana kesho keshokutwa nitamchukua mmoja kwa hela kidogo afu yeye nimuage. Hajasema, ila namjua.

Wiki hiyo hiyo ya kwanza binti mmoja akaacha kuja, nikauliza wenzie wakasema eti hataki tena, basi. Wiki ya pili kijana mwingine naye akapotea, huyo nilisikia nauli ilikuwa shida. Wakabaki wawili.

Sasa ishu yenyewe ni hii. Mmoja wa hao wawili alikuwa mzuri sana kwenye kompyuta, siku moja tumezidiwa nikamwambia hebu dizaini hili bango la mahafali, mita 3 kwa mita 1.2. Akadizaini vizuri tu, rangi zimekaa, herufi zinasomeka, nikafurahi nikamwambia fundi chapa. Mteja kaja, tunalikunjua mbele yake, tarehe imeandikwa 31 Novemba. Alitaka 13. Novemba yenyewe haina 31! Mteja kwanza alicheka, afu akaacha kucheka. Ikabidi nichape upya kwa gharama zangu, na yule kijana nilimsema pale pale mbele ya mteja na mbele ya kila mtu, nikamwambia nyie watoto wa siku hizi akili zenu ziko kwenye simu. Kesho yake alikuja, ila hakugusa tena kompyuta mpaka wiki nne zikaisha. Afu mama yake akanipigia, eti mwanangu kakufanyia kazi mwezi mzima bure na bado umemdhalilisha. Bure! Mi ndo niliyepata hasara jamani. Mwalimu naye hakutokea hata siku moja, alikuja siku ya mwisho na fomu nisaini nipige mhuri, akaondoka.

Sasa karudi. Safari hii anataka nichukue sita.

Mwenzangu mmoja wa maduka haya ya jirani ananiambia achana nao, kufundisha ni kazi ya shule, sisi tunalipa kodi inatosha. Mwingine yeye anapokea kila likizo na anafurahi kweli kweli, anasema kipindi hicho hana haja ya vibarua, nikaona na hilo nalo haliko sawa. Mi moyo unataka, manake nilimaliza shule sijui kazi inafananaje, nilijifunza kwa kubahatisha na kufukuzwa fukuzwa. Ila naogopa kurudia yale yale. Nikatae, nikubali, au nifanyeje? Na hivi duka dogo kama langu linaweza kweli kumsaidia mwanafunzi kujiandaa na kazi au haya ni mambo ya makampuni makubwa yenye idara na bajeti?

Mwanao,
Mchapaji

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka kwenye 31 Novemba, nisamehe. Ya pili nilimhurumia yule kijana. Ya tatu nikakwama kwenye mstari mmoja uliopita nao mbio kama mtu anayepita na gari mbele ya askari, ule wa binti aliyeacha kuja "basi". Huo nitaurudia, usidhani umenipita.

Jibu fupi: kubali, ila usikubali sita na usikubali wiki nne. Sema wawili, siku tano. Ukimaliza hao chukua wawili wengine. Najua mwalimu atakunja uso manake yeye ana orodha ndefu na anataka kuipunguza, ila hiyo orodha ni yake, we una viti viwili mbele ya kompyuta na watu saba.

Na usione siku tano ni chache. Kule Japani kuna mkoa unaitwa Hyogo, tangu 1998 watoto wa shule ya kati, wa miaka 13 na 14, wanatolewa darasani wiki moja, siku tano, wanasambazwa kwenye maduka, karakana, mashamba, vituo vya zimamoto, shule za chekechea, kila mtu na sehemu yake. Siku tano tu na mpaka leo wanaendelea nayo. Uswisi nako kabla kijana hajachagua ufundi anaenda kwanza kwenye biashara siku chache kuona kama atauweza, na neno lao la hiyo safari limetokana na kunusa, yaani mtoto anaenda kunusa kazi. Mi nalipenda sana hilo. Mtu hanusi wiki nne. Wiki nne bila mpango ndo zile ulizoziona, benchi, simu, ufagio.

Sasa tuje kwenye bango, manake hapo ndo kuna kila kitu.

We unasema kijana alikosea. Ni kweli alikosea, kageuza tarakimu mbili, kosa ambalo mi nalifanya kila nikiandika namba ya simu. Ila hebu nikuulize, nani alisoma lile bango kabla halijachapwa? Kijana hakusoma, we hukusoma, fundi wa miaka 12 kazini alibonyeza chapa bila kusoma, na mteja hakuonyeshwa. Watu wanne wamepita pale na hakuna aliyekuwa na kazi ya kusoma. Hilo kosa lingefanywa na fundi wako ungesema "jamani tumeteleza". Limefanywa na mtoto wa miaka 16 likawa tabia ya kizazi kizima.

Na kinachoniuma ni hiki, ile ndo ilikuwa siku yake ya kwanza ya shule kwako. Siku kumi na ngapi zile alikuwa anakaa tu, siku hiyo akapewa kazi ya mtu kweli, ya mteja mwenye hela yake na tarehe yake, akaifanya vizuri, akakosea kitu kimoja. Ungemkalisha jioni ile ukamwambia njoo tuone hili kosa limetugharimu nini, turubai kiasi gani, wino kiasi gani, saa ngapi za fundi, na tufanye nini lisijirudie, angeondoka na kitu ambacho mwalimu wake hana uwezo wa kumpa hata akitaka. Darasani ukikosea tarehe unapata nusu maksi na maisha yanaendelea. Badala yake amejifunza kwamba kazini ukigusa kitu unaaibishwa, kwa hiyo usiguse. Akaishi hivo mpaka siku ya mwisho.

Kwa hiyo unachopaswa kuwapa ni oda moja ndogo, ya kweli, waishike tangu mteja anaingia mlangoni mpaka anatoka na mzigo wake. Chukua mfano kadi mia moja. Mteja anaingia, mwanafunzi ndo anaongea naye we umesimama pembeni umefunga mdomo (hapo ndo utapata shida), anauliza zinatakiwa lini, saizi gani, zinasema nini, anaandika. Anapiga hesabu ya gharama, unaikagua. Anadizaini. Mwenzie anasoma neno kwa neno, kidole kwenye karatasi ya mteja, kidole kwenye skrini. Mteja anaona sampuli anasaini. Ndo inachapwa. Ndo anakabidhi yeye mwenyewe kwa mkono wake. Ukiangalia vizuri hapo ndani kuna kuongea na mtu usiyemjua, kuna kusikiliza, kuna hesabu, kuna kuahidi siku na kuitimiza, na hivyo vitu atavitumia hata akija kuwa nesi au rubani na asichape kadi tena maishani.

Na kuna vitu kwako vinavyofunga mdomo wote wanaosema "hesabu hizi zitanisaidia nini". Lile lile bango la mita 3 kwa 1.2, mteja analipia mita za mraba 3.6. Ila kama roli iliyokuwa kwenye mashine siku hiyo ina upana wa mita 1.6, turubai iliyotumika ni mita za mraba 4.8, manake ile sentimita 40 ya pembeni kwa urefu wote imekwenda chini. Robo nzima ya turubai! Muulize mtoto, hii robo nani anailipa? Na tungeweza kubana kitu gani kwenye hiyo nafasi, stika za nani? Mwache na kalkuleta na kipande cha karatasi nusu saa. Au mwonyeshe bluu kali iliyokuwa inawaka kwenye kompyuta inavyotoka kwenye karatasi imepooza imevuta zambarau, umwambie skrini inatoa mwanga wa rangi tatu, nyekundu, kijani, bluu, na mashine yako inapaka wino wa rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa hiyo kuna rangi skrini inaziweza na wino hauziwezi. Hiyo ni fizikia, na iko mezani kwako kila siku, we umeshaizoea huioni tena.

Umeniuliza kama duka dogo linaweza. Mwanangu duka dogo linaweza kuliko kampuni kubwa! Kwenye kampuni kubwa mwanafunzi anapewa kadi ya kuning'iniza shingoni na kiti karibu na mashine ya fotokopi, oda yenyewe inaingia ghorofa moja inatokea nyingine, hataiona. Kwako anaiona hela inaingia na inatoka mlango mmoja. Ujerumani, ambako kufundisha vijana kazini ni jambo la miaka mingi, wanaopokea wanafunzi si viwanda vikubwa vya magari peke yake, kuna saluni za nywele, karakana, mafundi umeme wenye wafanyakazi watano sita. Yale mafunzo yao ni marefu, miaka miwili mpaka mitatu na nusu, siku kadhaa kazini na siku moja mbili chuoni, na kijana analipwa posho na mwajiri. We huhitaji kufika huko. Ila kuna kitu kimoja chao kichukue, kule mtu anayefundisha kazini kwa kawaida anatakiwa naye awe amefaulu mtihani wa kufundisha. Yaani hawaamini kwamba ukijua kazi basi unajua kuifundisha.

Ndo nakuja kwa fundi wako mkuu. Usimlazimishe. Anajua kazi, sawa, ila hana hamu, na hofu yake ni ya haki, mtu amekutumikia miaka 12 afu anaona unaleta watoto bila kumwambia neno, ungekuwa wewe ungefikiria nini? Kaa naye kabla hujampigia mwalimu. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hakuna mwanafunzi anayeletwa kuchukua nafasi ya mtu, na hawa wawili hawatakuwa mzigo wake. Afu kazi ya kuwaongoza mpe yule mfanyakazi wako mdogo kuliko wote, aliyeingia juzi juzi. Huyo bado anakumbuka ilivyokuwa kutojua, hajasahau swali gani aliogopa kuuliza. Ila ukimpa hiyo kazi mpunguzie nyingine wiki hiyo, usimwongezee tu juu ya mzigo, manake akizidiwa atafanya kile kile, kaeni pale muangalie.

Sasa ule mstari wako.

Binti wa miaka 16 au 17 ameacha kuja ndani ya wiki ya kwanza, wenzie wanasema hataki tena, na we umesema "basi". Inawezekana alichoka benchi, hata mi ningechoka. Inawezekana alikuwa anaumwa. Ila mi nimekaa kwenye safu hii miaka mingi na barua za mabinti ninazozipata kuhusu sehemu za kazi zinafanana mno, kuna mtu alikuwa anamwita majina, kuna mtu alimwomba namba, kuna mtu alimtuma stoo afu akamfuata nyuma. Simtuhumu mtu wako yeyote. Nasema hujui, na ulipaswa kujua, manake ulimpokea. Yule ni mtoto wa watu, alikuwa chini ya dari lako.

Kwa hiyo kabla hujapokea mwingine fanya haya na wala usiyaone ni ya kizungu sana. Mtafute mwalimu wa kike pale shuleni, umwombe amuulize yule binti taratibu kwa nini aliacha, asimuulize mbele za watu, na umwambie jibu lolote utalipokea. Kama kuna jambo, lishughulikie hata kama ni fundi wako wa miaka 12, hasa kama ni fundi wako wa miaka 12. Afu waite watu wako wote sita uwaambie wazi, mwanafunzi haachwi peke yake na mtu mzima mmoja kwenye chumba kilichofungwa, hatumwi stoo na mtu akamfuata, hakuna kuchukua namba yake, hakuna meseji za usiku, mawasiliano yote yanapitia kwa mwalimu au mzazi. Na siku ya kwanza wanafunzi wenyewe waambiwe mtu wa kumwendea wakiona kitu hakijakaa sawa, na asiwe wewe peke yako manake we ndo bosi na bosi anaogopesha hata akitabasamu.

Humo humo kuna suala la mashine. Ile ya kukatia karatasi hawagusi, nukta. Vimiminika vya kusafishia vichwa vya printa hawagusi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 138, wa 1973, umeweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi ya hatari, na kisu kinachokata rimu nzima kwa pigo moja sidhani kama tunahitaji kubishana. Siku ya kwanza nusu saa ya mwanzo watembeze, hiki unagusa, hiki huna ruhusa, mlango wa dharura ule pale.

Hela. Huyu mama aliyekupigia ulimkasirikia, ila hebu msikilize tena. Mtoto akiwa anatazama na kujaribu, hamna mtu anadai mshahara. Akianza kufanya kazi ambayo mteja anailipia na we usingeifanya bila yeye, hapo anafanya kazi, na anayefanya kazi analipwa. Huyo jirani yako anayeacha kuita vibarua likizo nzima hasaidii mwanafunzi yeyote, anajisaidia mwenyewe kwa kutumia watoto wa watu, na kibarua naye amekosa siku zake. Hakikisha pia sheria ya kazi ya kwenu inasemaje kuhusu umri na malipo, ofisi ya kazi wataulizwa bure. Ila nauli mpe kila mtu, hata anayetazama tu, na umpe asubuhi, usingoje mwisho wa wiki. Kijana wako wa pili hakushindwa kazi, alishindwa kufika. Ukiacha nauli juu yao, watakaojifunza kwako ni wale tu ambao nyumbani kuna hela, na hao wengi wao wana mjomba ofisi fulani tayari.

Hilo la mjomba ulifikishe pia kwa mwalimu. Mwambie usiniletee watatu wa kwanza darasani wala watoto wa marafiki zako. Atangaze, wanaotaka waandike aya moja tu kwa nini, na achague hata yule wa nyuma kabisa. Na aje mwenyewe! Siku moja kati ya zile tano akae kwako kutwa, mi naona hata hiyo siku ya mwalimu ina thamani kuliko ya mwanafunzi, manake mwalimu mmoja akiona ile robo ya turubai inavyopotea ataifundisha kwa madarasa manne mwaka mzima na mwakani tena. Mkiandikiana, ukurasa mmoja unatosha, nani anakuja, saa ngapi mpaka saa ngapi, nani msimamizi, nini hawagusi, nani anapigiwa mtoto akiumia, na siku ya mwisho mnakaa dakika kumi watatu, wewe, mwalimu na mwanafunzi, mnaongea. Mhuri piga baada ya hapo.

Huyo mwenzako mwingine anayesema analipa kodi inatosha, simlaumu sana, si kila mtu ana nafasi ya kupokea watoto. Ila mwambie kuna vitu havihitaji benchi. Anaweza kwenda shuleni saa moja akawafanyia vijana usaili wa kujaribu, wakae mbele yake mmoja mmoja dakika tano tano, awaulize vile anavyowauliza watu wa kweli, afu awaambie nilikuwa tayari kukuajiri mpaka uliposema hivi. Anaweza kuwasomea CV zao kalamu mkononi. Kule England kuna vigezo vilivyotoka 2014 vya kuongoza vijana kuhusu kazi, viko vinane, kimojawapo ni kwamba kila mwanafunzi kuanzia miaka 11 akutane na mwajiri angalau mara moja kila mwaka. Saa moja kwa mwaka, hata mwenye duka lenye shughuli nyingi anayo. Asichopaswa kufanya ni ile hotuba ya siku ya taaluma, mtu anasimama anasema mi nilianza bila kitu na leo mnaniona, watoto wanapiga makofi wanarudi darasani hawajui hata yule bwana kutwa anafanya nini.

Afu usije ukavunjika moyo siku mwanafunzi akikwambia Ijumaa jioni kwamba uchapaji hautaki kabisa. Mshukuru. Siku tano zimemwokolea miaka miwili ya chuo na ada ya mzazi. Kinachotakiwa ni aweze kukwambia kwa nini hautaki, kama hapendi kukaa ndani, kama hapendi kelele za mashine, kama hapendi kuongea na wateja wenye haraka, hapo ameanza kujijua.

Kijana wa Novemba najua ulimsema ukiwa na hasira na hasara. Mtafute kupitia mwalimu huyo huyo, mwambie ulikosea kumsema mbele za watu na kwamba wa kulisoma lile bango alikuwa wewe. Usimwambie "ila na wewe". Ishia hapo. Kama bado anapenda kompyuta, mwalike aje siku moja kati ya zile tano awasaidie wadogo zake, na siku hiyo mlipe.

Na lile turubai lenye 31 Novemba, kama bado umelikunja huko stoo, litoe. Kila wanafunzi wapya wakija, kabla hujawaambia chochote, litandaze mezani uwaambie mteja anakuja kuchukua hili baada ya dakika kumi, liko sawa? Wakae nalo. Atakayeona, mpe kazi ya kusoma oda zote za siku hiyo kabla hazijachapwa, na za fundi mkuu zikiwemo.

Shangazi